Maharage ya Mkwe

Hoteli ya Mzee Kezironi mjini Kasese ilikuwa na vyumba kumi na vinane, ukumbi mmoja wa semina na aibu moja ya kudumu: chakula cha mchana kilichelewa. Mwaka ule wa 2015 semina ndizo zilizoilisha hoteli. Wapanda mlima walilala usiku mmoja, wakaondoka alfajiri kuelekea Ibanda, njia ya mlimani, na hawakuonekana tena mpaka magoti yalipowashinda. Watu wa semina walikaa wiki nzima wakila mara tatu kwa siku, na mashirika yaliyowaleta hayakuuliza bei ya soda. Yaliuliza saa ya chakula tu. Shirika moja lilikuwa limeshakata sehemu ya malipo, likaeleza kwamba washiriki wake walijadili lishe bora hadi saa nane na nusu wakiwa na njaa.

Ndipo Mzee Kezironi alipomwajiri Phionah awe mhasibu.

Phionah alizaliwa Kasese lakini alikulia Jinja, kwenye kambi ambako baba yake alikuwa askari. Kikonzo chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha salamu tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kilichonyooka, na kabla wiki haijaisha jikoni walikuwa wameshampa jina la Afande.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa maharage. Hoteli ilinunua kwa watu wawili na Mzee alitaka abaki mmoja, kwa mkataba wa mwaka. Wa kwanza alikuwa Baker, mkulima wa Muhokya, aliyeleta mfuko mmoja kila siku kwa pikipiki, kwa shilingi elfu mbili kila kilo. Wa pili alikuwa Kaswera, mama mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwenye stoo Bwera. Yeye alileta mara moja kwa wiki, kila Jumatano, siku inayofuata soko la Mpondwe, kwa gari lake dogo la mizigo. Bei yake ilikuwa elfu mbili na mia tatu. Mzee alikuwa ameshachagua moyoni, naye alichohitaji ni mtu mwenye shahada wa kukubaliana naye.

Jikoni pia walikuwa wameshachagua, kwa sababu nyingine. Baker alikuwa mume wa Loyi, na Loyi alikuwa binti wa Yayeri, mpishi mkuu. Hoteli ndiyo iliyokuwa soko pekee la uhakika la Baker. Nyumba aliyokuwa akiijenga Muhokya ilikuwa imefika kwenye linta na ikasimama hapo. Wakati huohuo Loyi aliishi kwa wakwe zake, akipikia jikoni mwa mwanamke ambaye, kwa maelezo ya Yayeri, alitia chumvi kwenye maharage kabla hayajaiva. Mkataba ungenunua mabati. Bila mkataba, Loyi angeendelea kula maharage magumu. Yayeri aliyasema hayo kwa kila mtu isipokuwa Baker.

Phionah aliwakusanya jikoni na kuwaeleza njia yake. Bei ya kilo, alisema, ni gharama moja tu. Kila muuzaji huja na mzigo na huja na kazi: kumpigia simu, kumngoja, kupima, kuchambua mawe, kumlipa. Kazi hizo zinakula mishahara na makaa, ila hakuna anayeziandika kwa jina la aliyezileta. Kuanzia siku hiyo zingeandikwa. Kila kazi ingepewa gharama yake, na kila muuzaji angebebeshwa kazi alizozisababisha yeye.

Bright, mhudumu wa mezani, aliuliza kama salamu nazo zitaandikwa. Phionah alimjibu kwamba zikichukua muda, zitaandikwa. Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo lililoharibu mambo.

Siku ya kwanza ya kupima alikaa jikoni na simu yake mkononi. Ilipokaribia saa sita, pikipiki ilisikika kwenye kona ya barabara. Yayeri aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi stoo ya kuni na kujifungia humo. Wasaidizi wake watatu waliacha walichokuwa wakifanya na kusimama. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa sufuria za Yayeri wakati yeye hayupo. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe na aliisimamia kwa mwiko uleule.

Baker aliingia, mwanaume mrefu mwenye adabu nyingi, akatua mfuko, akasalimia kila mtu mmoja mmoja pamoja na watu wa nyumbani kwao. Kisha akakaa kwenye kiti cha barazani, ambako sahani ilikuwa ikimngoja imefunikwa kwa sahani nyingine: kuku, mapaja yote mawili, matoke, wali na mchuzi wa karanga. Alikula polepole, kwa sababu mkwe hali kama mtu anayefukuzwa. Alinawa. Alishukuru kuelekea upande wa stoo ya kuni bila kuitazama. Pikipiki ilipotoweka, Yayeri alirudi na kukuta moto umefifia na wali umeshika chini.

Phionah alisimamisha saa ya simu yake. Nusu saa ilikuwa imepita, watu wanne wakiwa wamesimama, katika saa ambayo watu wa semina walikuwa wakijiandaa kula. Aliandika: kumkwepa mkwe.

Yayeri alisomewa neno hilo na hakulipenda.

"Mama mkwe hamkwepi mkwe, Afande," alisema. "Anamheshimu. Andika kuheshimu."

Phionah alifuta, akaandika kumheshimu mkwe, nusu saa, watu wanne. Gharama ilibaki ileile.

Yayeri hakuwa mjinga. Aliona mara moja kwamba heshima yake ilikuwa ikiandikwa kwenye bei ya Baker, na kwamba kila alipoingia stoo ya kuni alikuwa akiyasogeza mabati mbali na nyumba ya Loyi. Kesho yake alifunga pazia. Lilikuwa shuka la chumba namba tisa, lenye maua, nalo lilikata jiko katikati, ili yeye apike upande mmoja na mkwe atue mzigo upande wa pili, na kazi isisimame.

Pikipiki ilisikika. Baker aliingia, akaliona shuka, akajua nani yuko nyuma yake. Mama mkwe alikuwa hajawahi kumfanyia heshima ya kukaa karibu namna ile. Akapiga magoti. Akalisalimu shuka. Akaliuliza habari za nyumbani, za afya, za mashamba, za kanisa, na shuka lilipokohoa alilipa pole na kuanza tena. Yayeri, ambaye hakuweza kumjibu mkwe wala kuendelea kugonga sufuria mtu akiwa amepiga magoti, alisimama na mwiko hewani. Vitunguu viliungua. Siku hiyo dakika zilizidi, na Phionah aliziandika zote. Shuka lilirudishwa chumba namba tisa likinuka vitunguu, na mgeni aliyelala humo alilalamika, ila hilo Phionah hakulipandisha kwenye bei ya maharage.

Jumatano ilifika na Kaswera akafika nayo. Huyu kwa kawaida alikuwa na salamu ndefu kuliko barabara aliyopita, lakini Bright alikuwa amempigia simu. Alishuka garini, akapita mbele ya watu wote kama anayepita mbele ya miti, akatupa magunia sakafuni.

"Leo mie sisalimu mutu," alisema. "Banasema huku salamu iko na bei. Mupime, mie niende."

Walipima. Mzani wake na mzani wa hoteli haikuwa imewahi kukubaliana, kwa hiyo walipima tena, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa pekee aliyoileta. Akaondoka bila kunywa hata maji. Alipokwisha kuondoka, wasaidizi wote watatu na Bright walisimama kujadili ukosefu wake wa adabu, kwa kina na kwa mifano, hadi sufuria ikachemka na kumwagika. Phionah aliutazama mjadala huo kwa muda, akashindwa kuamua kama ni gharama ya Kaswera au ya kwake mwenyewe, akauandika chini ya mengineyo.

Baada ya wiki tatu hesabu ilikuwa imekamilika. Kilo ya Kaswera, pamoja na kazi zote, iligharimu elfu mbili mia nne na hamsini. Kilo ya Baker, ile ya elfu mbili, iligharimu elfu mbili mia sita na hamsini. Phionah aliipitia upya akitafuta kosa, na hakulipata. Maharage ya bei nafuu yalikuwa ghali, na yaliyoyafanya ghali si mawe wala uzito. Ni safari. Kila safari ilisimamisha jiko mara moja. Kaswera alisafiri mara moja kwa wiki, Baker mara sita.

Yayeri aliisoma hesabu hiyo usoni pa Phionah kabla hajaambiwa. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza kama kuna namna. Phionah alisema kwamba hesabu haina namna. Lakini lilibaki swali moja, nalo ni la kawaida katika njia hii ya kuhesabu: ukishajua kazi ni ipi, unauliza inasababishwa na nini. Akamuuliza kwa nini kila siku kuna sahani.

"Kwa sababu anakuja kila siku," Yayeri alisema. "Mkwe akikuja utamwacha arudi na njaa? Mimi hii kuku inanimaliza, Afande. Kila siku mapaja mawili, kila siku kuungua mikono nikimkimbilia mchuzi ya karanga. Angekuja mara moja kwa wiki ningemshukuru Mungu. Lakini anakuja, nifanye nini?"

Kesho yake Phionah alimngoja Baker nje, kando ya pikipiki, na kumuuliza kwa nini anakuja kila siku wakati shamba lake lingeweza kutoa magunia ya wiki nzima kwa mara moja.

Baker alitazama kwanza upande wa stoo ya kuni, akashusha sauti. "Madamu, mimi sitaki kukuja kila siku. Petroli inakula faida yote, na shamba inakaa bila mtu. Lakini ile sahani inakuwa imeshawekwa. Chakula ya mama mkwe nitaiacha namna gani? Hata Pasaka nilikuwa mgonjwa tumbo, nikakuja, nikakula."

Phionah alikaa kwenye ngazi ya mlango. Huyu alikuja kwa sababu kuna sahani. Yule aliweka sahani kwa sababu anakuja. Kila mmoja alikuwa akimtendea mwenzake adabu iliyowachosha wote wawili, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, kwa kuwa adabu hiyohiyo iliwakataza kusemezana. Vitabu vyake vya chuo vilikuwa na mifano ya viwanda vya rangi na vya vipuri vya magari. Hakukumbuka hata mmoja ambamo mashine mbili zilikuwa zikiendeshana kwa heshima.

Alijitolea kupeleka ujumbe. Yayeri alikataa kabisa: mkwe akiambiwa asije, atasikia kwamba mama mkwe amechoka kumlisha, na neno hilo litakaa katika nyumba ya Loyi kabla ya mabati. Baker naye alikataa: mama mkwe akiambiwa asipike, atasikia kwamba chakula chake kimemshinda mkwe. Kila mmoja kwa wakati wake alimwapisha asiseme. Phionah, aliyeamini kwamba jambo likishajulikana limeshatatuliwa, alijikuta na jambo linalojulikana kikamilifu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitamka.

Mwisho wa mwezi Mzee Kezironi aliwaita wote ofisini. Ilikuwa Jumatano, ili Kaswera awepo. Baker alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Yayeri, ambaye kama mpishi mkuu alipaswa kuwa ndani, alikaa nje barazani nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na hakuna aliyeona ajabu kwa hilo.

Phionah alisoma hesabu. Mzee alimsikiliza kama mtu anayesomewa ugonjwa wa jirani.

"Elfu mbili," alisema, "imekuwaje elfu mbili mia sita na hamsini? Ndani ya hiyo nyongeza kuna nini?"

"Kuna safari, Mzee. Kila safari inasimamisha jiko. Mzigo ungekuja mara moja kwa wiki, Baker angekuwa chini ya Kaswera."

Mzee alimgeukia Baker na kumuuliza, kwa upole, kwa nini basi asilete mara moja. Baker aliutazama mlango. Mlango haukusogea. Akasema pikipiki yake haiwezi kubeba zaidi.

"Pikipiki za Muhokya," Mzee alisema, "nimeziona na magunia mawili na mbuzi juu."

Baker aliinamisha kichwa. Phionah aliukazia macho ukurasa wake, ambao haukuwa na lolote la kumsaidia. Mzee alivuta karatasi ya mkataba, akaomba kalamu na kuuliza jina la Kaswera linaandikwaje. Nyuma ya mlango mtu alikohoa, kikohozi kidogo cha mtu asiye na mafua.

Kaswera alikisikia. Alimtazama Baker, akautazama mlango, akamtazama Phionah anavyoutazama ukurasa. Watu wa Butembo na wa Kasese ni ndugu wa lugha moja na ukwe wa namna moja, na Kaswera alikuwa na wakwe watatu. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alijifuta macho kwa pembe ya kitenge na kuinua mkono.

"Mzee, usiandike kwanza. Huyu kijana haiko na kosa. Shida iko pikipiki. Mie niko na gari, na kila Jumatano inapita pale Muhokya na nafasi. Nitamubebea magunia yake. Bei ibaki yake, barabara iwe yangu."

Mzee aliiweka kalamu chini. Alimuuliza kama ameelewa kwamba mkataba anaoukataa ndio aliotoka kuushinda.

"Maharage nanunua na makuta yangu, pesa yangu mwenyewe," Kaswera alisema, "halafu munanilipa mwezi ikiisha, na mara ingine mwezi ya pili. Barabara mutanilipa siku ileile, gari ikiwa hapa mulangoni. Mia moja na makumi tano kwa kilo."

Mzee hakubisha, kwa kuwa habari ya mwezi wa pili ilikuwa kweli. Phionah alikuwa ameshaanza kujumlisha: elfu mbili za Baker, mia na hamsini za barabara, mia na hamsini nyingine za kupokea gari na kupatanisha mizani. Elfu mbili na mia tatu. Ilikuwa chini ya hesabu zote mbili za mwanzo, na aliisoma kwa sauti iliyomshinda kidogo kuidhibiti.

Mzee aliuliza kama kuna mwenye neno. Baker alisimama. Kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji, alisema inamuuma sana kutofika tena kila siku, kwa jinsi anavyotunzwa hapa, lakini gari la mama huyu likishapatikana mtu hawezi kulikataa. Nyuma ya mlango, kwa sauti kubwa kuliko baraza ilivyohitaji, Yayeri alimwambia Bright kwamba yeye binafsi alikuwa amezoea kumpikia mkwe wake na angependa kuendelea, lakini gari ni gari. Wote wawili walisikika wamehuzunika. Mzee Kezironi, ambaye hakuelewa lolote, aliguswa, akaandika jina la Baker.

Wiki iliyofuata chakula cha mchana kilikuwa mezani saa saba kamili kwa siku zote sita, na watu wa semina, ambao hawakuwa wamejiandaa, walilazimika kukatiza mada. Jumatano gari la Kaswera lilifika na magunia ya Muhokya. Hakuna aliyekimbilia stoo ya kuni. Lakini gari likirudi Bwera lingepita tena Muhokya, na Yayeri hakuweza kuliacha lipite mlangoni kwa mkwe wake mikono mitupu. Alipakua sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaifunga kwa kitambaa, na kumkabidhi Kaswera.

Jioni Baker alimpigia simu Phionah. Alimwomba amfikishie mama mkwe shukrani zake, akazirudia mara mbili ili zisipotee njiani. Kisha, kwa adabu nyingi, aliuliza kama hoteli siku hizi inanunua kuku wa mguu mmoja.

Jumatano iliyofuata Phionah alimuuliza Kaswera, mbele ya jiko zima, paja lilikwenda wapi.

"Kuku alipita barieri, mutoto yangu," Kaswera alisema bila kupepesa. "Pale hakuna mutu anapita bure."

Kati ya Kasese na Muhokya hakukuwa na kizuizi chochote cha barabarani, na kila mtu jikoni alilijua hilo. Yayeri alifungua sufuria ya watu wa semina, akachagua paja moja nono, akalilaza juu ya mengine mawili, nje ya kitambaa, mahali ambapo Kaswera angelifikia akiendesha, bila kufungua fundo. Kuku aliyekwenda mezani kwa wageni siku hiyo alikwenda na paja moja.

Phionah alilihesabu paja la tatu na kuliandika chini ya usafirishaji.